Kobla ya matunda na zabibu za Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu maelekezo ya kupika kobla yaliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa mapishi. Kwa faida ya wasomaji waliopitwa na toleo lile, kobla ni kitindamlo chenye asili ya Marekani. Mpishi hutandaza matunda yenye sukari katika chombo kipana, akayafunika kwa vinyunya vya unga wa ngano uliochanganywa na mafuta na maziwa, kisha akaoka mpaka vinyunya viumuke na kupata rangi huku rojo la matunda likichemka na kupenya katikati yake. Vipimo alivyotoa mwandishi wenu vilikuwa sahihi na lugha yake ilieleweka, kwa hiyo sina ugomvi naye kwa hayo. Ninachopinga ni matunda aliyotutuma kuyatafuta, yaani bluberi, raspiberi na stroberi mbichi za majira ya joto, pamoja na kauli yake kwamba asiye na oveni asijisumbue.

Nilifundisha sayansi kimu kwa miaka mingi katika shule za mkoa huu kabla ya kustaafu, na sasa huwasaidia akina mama na vijana wa mtaani kwetu wanaooka keki na mikate ya kuuza. Swali wanaloniletea baada ya kusoma mapishi ya magazetini ni lilelile: "Mwalimu, tutumie nini badala yake?" Ukurasa unaomfikisha msomaji kwenye swali hilo na kumwacha hapo haujamaliza kazi yake, hasa pale ambapo jibu linauzwa kwenye ndoo kando ya barabara.

Majira ya joto yanayotajwa katika mapishi ya aina hii ni ya kaskazini mwa dunia, yaani Juni hadi Agosti. Huko Marekani stroberi huiva kwa wingi mwezi Juni katika majimbo mengi, bluberi hushika nafasi Julai, na blakberi huendelea mpaka Agosti. Familia huenda mashambani kuchuma zenyewe, na kwa kuwa matunda hayo ni laini na huharibika haraka, yanayobaki huishia kwenye jamu au kwenye kobla. Miezi hiyohiyo sisi wa mikoa ya kati tuko kwenye kipupwe: upepo mkavu unavuma, nyasi zimekauka, na wauza maziwa wa alfajiri wamevaa makoti. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, hunyesha kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 500 hadi 600 tu. Bluberi hutaka udongo wenye tindikali na unyevu usiokatika, mambo ambayo Dodoma haina. Stroberi hulimwa nchini, lakini hupendelea maeneo ya baridi ya milimani kama Lushoto, na zile zinazofika kwetu huwa zimechoka na safari. Bluberi na raspiberi za dukani, pale zinapopatikana, ni za kugandishwa, na kifuko chake kidogo hugharimu fedha ambazo mama angenunulia familia yake matunda ya juma zima.

Agosti hiyohiyo ndipo mavuno ya zabibu ya wakati wa kiangazi yanapoanza hapa Dodoma. Mzabibu wetu huzaa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu hakuna baridi kali ya kuulaza, na mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa. Mavuno mengine huja mapema katika mwaka, mvua zikiwa bado zinanyesha na magonjwa ya ukungu yakimsumbua mkulima, ilhali haya ya kiangazi hukuta jua kali na hewa kavu, hivyo zabibu huwa tamu zaidi na safi zaidi. Nenda Hombolo, Mpunguzi, Matumbulu, Mvumi au Makutupora wakati huo utaona mashamba yamejaa wachumaji. Kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kimelishughulikia zao hili kwa muda mrefu, na ile aina nyekundu inayobeba jina la Makutupora ndiyo ambayo wenyeji wengi wanaijua kwa sura, hata wasipoijua kwa jina. Sehemu kubwa ya mavuno huenda kwenye mvinyo, sehemu nyingine huliwa mbichi, na jikoni zabibu karibu haziingii kabisa. Mkoa unaojulikana nchi nzima kwa zabibu hauna chakula hata kimoja cha kupikwa kwa zabibu ambacho mgeni akifika ataambiwa, "Onja hiki, ni cha hapa." Kwangu mimi hilo ni jambo la kushangaza, na ukurasa wa mapishi wa gazeti linalosomwa hapa ulikuwa na nafasi nzuri ya kulianza.

Kuna atakayesema kwamba kobla ya zabibu si kobla halisi. Historia ya chakula hiki haimuungi mkono. Kobla ilizaliwa na uhaba. Wahamiaji wa Kiingereza waliofika Amerika walikuwa wamezoea pai na pudingi za kwao, lakini katika makazi mapya, na baadaye katika misafara ya magari ya kukokotwa iliyoelekea magharibi katika karne ya 19, wengi hawakuwa na oveni wala nafasi ya kusukuma unga wa kutosha kutandika chini na kufunika juu. Walichokuwa nacho ni chungu cha chuma kizito chenye kifuniko bapa. Walitia humo matunda yoyote yaliyopatikana, mabichi au makavu, wakadondosha madonge ya unga juu yake, wakakiweka chungu kwenye makaa na kupalia makaa mengine juu ya kifuniko. Katika majimbo ya kusini kama Georgia walitumia mapichi, kwingineko wakatumia tofaa au blakberi za porini. Na mji wa Naples, katika jimbo la New York, uliopo kwenye eneo la mashamba ya mizabibu, unasifika mpaka leo kwa pai ya zabibu nyeusi. Kila mahali walipika kilichoiva karibu nao, na ndiyo maana chakula kimoja kikawa na sura nyingi.

Kwa maana hiyo, mwandishi aliyetuambia tusio na oveni tusijisumbue aliwaondoa mezani watu wanaopika kwa namna iliyo karibu zaidi na ile ya waanzilishi wa chakula chenyewe. Kupalia moto juu ni ujuzi wa zamani katika nchi hii. Mkate wa kumimina wa pwani hupikwa hivyo, na keki nyingi za kipaimara na za harusi katika vijiji vya Dodoma zimeiva ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu, kabla umeme haujafika.

Sasa nieleze jinsi zabibu zinavyoweza kuchukua nafasi ya yale matunda, maana hazifanani nayo kwa kila kitu, na anayezimwaga tu kwenye chombo kama anavyomwaga bluberi atapata supu tamu yenye mbegu.

Tofauti ya kwanza ni mbegu. Zabibu nyingi za Dodoma zina mbegu, na kuzitoa punje moja moja kwa kilo nzima ni kazi ya kuchosha. Njia ninayoipendekeza ni kugawanya zabibu mafungu mawili. Theluthi mbili zitiwe kwenye sufuria na maji kidogo sana, kiasi cha kuzuia zisishike chini, zipikwe kwa moto mdogo mpaka zipasuke na kulainika, kisha zisuguliwe kwa mwiko juu ya chujio la chuma lenye matundu mapana kiasi, ili nyama na sehemu ya maganda ipite na mbegu zibaki. Zisisagwe kwenye blenda hata kama inaonekana ni njia ya mkato, kwa sababu mbegu ikisagika hutoa uchungu na ukakasi ambao sukari haiwezi kuuficha. Theluthi iliyobaki ikatwe katikati, mbegu zitolewe kwa ncha ya kisu, na vipande hivyo vichanganywe kwenye rojo mwishoni ili mlaji apate kitu cha kutafuna. Wapo wanaoniuliza kama ni dhambi kuziacha mbegu. Katika jimbo la Toscana nchini Italia kuna mkate bapa unaookwa wakati wa mavuno kwa zabibu za mvinyo, mbegu zikiwa ndani, na watu wa Florence huula hivyo bila kulalamika. Mimi sizipendi, lakini mpishi ndiye anayejua meno ya watu wake.

Tofauti ya pili ni utamu. Zabibu iliyoiva sawasawa kwenye jua la Septemba inaweza kuwa na sukari mara mbili ya bluberi, na wakati huohuo joto la hapa hupunguza sehemu ya ukali wake wa asili. Ukifuata kipimo cha sukari cha kobla ya bluberi utapata kitu cha kukinaisha kijiko cha pili. Sukari ipunguzwe angalau kwa nusu, ambapo kwa kilo moja ya zabibu gramu 60 hadi 80 zinatosha, na ukali urudishwe. Mapishi ya kigeni yataagiza limau, nasi tunazo ndimu, lakini kuna kitu bora zaidi ambacho Dodoma imejaaliwa nacho, nacho ni ubuyu. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ubuyu mweupe usiotiwa sukari wala rangi huleta ukali mzuri wa mviringo, na kwa kuwa ubuyu una pektini nyingi, ile inayoifanya jamu igande, husaidia pia kulifanya rojo liwe zito. Ukoroge kwanza na maji ya uvuguvugu na uuchuje, vinginevyo nyuzi zake zitaonekana.

Maji ndiyo tofauti ya tatu. Zabibu hutoa maji mengi, na vinyunya vikikaa juu ya maji mepesi vitaiva juu na kubaki vibichi chini. Vijiko viwili vya chakula vya unga wa muhogo vilivyokorogwa kwa maji baridi vitiwe kwenye rojo linalochemka, likorogwe mpaka lifikie uzito wa uji wa mgonjwa, kisha limiminwe kwenye chombo likiwa bado la moto. Naomba msisitizo uwekwe hapa, kwa kuwa maelekezo yenu hayakusema lolote juu ya hilo: matunda yawe ya moto unga unapowekwa juu. Joto la chini ndilo linaloivisha tumbo la kinyunya wakati joto la juu linashughulika na mgongo wake.

Kuhusu unga, sina mengi kwa wanaotumia ngano peke yake: gramu 200 za unga, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, chumvi kidogo, gramu 70 au 80 za siagi au samli iliyoganda, na maziwa ya mgando ya kutosha kulowesha, kama robo tatu ya kikombe. Mafuta yasuguliwe kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ubaki kama chenga, maziwa yaingizwe kwa haraka, na mkono uondoke. Unga wa kobla hautaki kukandwa, kwa sababu kukanda ndiko kunakokaza ule utandu wa ngano tunaoutaka kwenye chapati na mkate, na hapa tunataka kinyunya kinachokatika kwa kijiko. Kwa sababu hiyohiyo, theluthi moja ya ngano inaweza kuondolewa na kuwekwa unga wa mtama au wa uwele, nafaka ambazo hazina utandu huo. Ladha yake ya kukaangika huenda vizuri sana na zabibu nyeusi. Uwele uwe umesagwa karibuni, kwani unga wake ukikaa huwa mchungu. Asiye na samli atumie mafuta ya alizeti, ambayo Singida na Dodoma hazijawahi kukosa, ingawa kinyunya kitakuwa na chenga chache. Anayependa anyunyize juu karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusu nusu, kwa mfano za Kongwa, ambako Waingereza walileta mpango wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, baada ya udongo na mvua za hapa kukataa hesabu zilizopigwa London, ilhali mkulima mdogo wa Kongwa anazilima mpaka leo.

Niongeze jambo dogo kuhusu beking pauda, ambalo wanafunzi wangu walikuwa wakilifurahia. Beking pauda nyingi za mwanzo zilitengenezwa kwa kuchanganya bikabonati na chumvi yenye tindikali inayopatikana kwenye zabibu, ile inayoganda kama fuwele kwenye kuta za mapipa ya mvinyo. Zilizopo madukani sasa nyingi hutumia tindikali za aina nyingine, lakini mtu anayepika kinyunya juu ya zabibu anawakutanisha ndugu waliopotezana. Dodoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ambapo hewa ni nyepesi kidogo na unga huumuka kwa urahisi zaidi kuliko Dar es Salaam. Aliyehamia hapa na serikali na kuona keki zake zinavimba kisha zinabonyea, apunguze pauda kidogo sana.

Nirudi kwenye moto. Kwa jiko la mkaa, chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu uliochekechwa au panga mawe madogo matatu chini, na uipashe moto ikiwa imefunikwa. Karatasi nyeupe ikiwekwa ndani na ikageuka rangi ya kahawia isiyokoza kwa muda wa dakika kama tano, joto linafaa. Ingiza chombo chenye matunda ya moto na vinyunya vyake, funika kwa mfuniko bapa au sinia la bati, na upalie makaa juu. Makaa ya juu yawe karibu mara mbili ya yale ya chini. Wapishi wengi wanaounguza keki hufanya kinyume chake, wakiacha jiko limejaa moto na kuweka vipande viwili vitatu juu kama mapambo. Rojo lenye sukari likipigwa na moto mkali wa chini huungua kabla kinyunya hakijajua kinachoendelea. Usifunue kabla ya dakika 20. Kuanzia dakika ya 35 choma kijiti katikati ya kinyunya kikubwa. Kikitoka kikavu, na rojo la pembeni likiwa linatoa mapovu mazito, yanayopasuka taratibu, epua. Uiache itulie nusu saa, kwani rojo la unga wa muhogo hukaza linapopoa.

Najua kwamba serikali, kupitia mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, inataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi, na sitaki nionekane ninawarudisha watu kwenye mkaa. Jiko la gesi la mezani lina shida yake, kwamba moto wote uko chini. Lakini hata hilo lina jibu la siku nyingi. Katika majimbo ya New England, kaskazini mashariki mwa Marekani, kuna aina ya kobla isiyookwa kabisa, ambapo matunda huchemshwa kwenye sufuria pana, vinyunya vikadondoshwa juu ya rojo linalotokota, sufuria ikafunikwa barabara kwa dakika 15 hadi 20 bila kufunuliwa, na mvuke ukafanya kazi yote ya kuivisha. Vinyunya hubaki vyeupe na laini, havipati ganda la kahawia, na mtu aliyezoea vya kuokwa anaweza kuona vimepungukiwa. Kwa maoni yangu, vikinyunyiziwa karanga na kuliwa vya moto, havimpunguzii mtu kitu. Kifaa kinachohitajika ni sufuria yenye mfuniko unaokaa sawasawa, nacho kipo karibu kila nyumba.

Kuna hoja moja ambayo imekuwa ikirudiwa kila ninapozungumzia upishi wa zabibu, kwamba zabibu za Dodoma ni za mvinyo na zisiguswe. Hoja hii ina pande mbili. Kwa upande wa mkulima, ni kweli kwamba mnunuzi wake mkubwa ni kiwanda, na sidhani kobla za majumbani zitamwokoa mkulima wa Hombolo ambaye zabibu zake zimeiva na lori la mnunuzi halijaonekana. Tatizo la soko la zabibu limezungumzwa mara nyingi, hata bungeni, na linahitaji maghala ya baridi, viwanda na mikataba ya kueleweka. Zabibu ikishachumwa haiongezeki utamu na haingoji mtu. Hata hivyo, ndoo zinazouzwa rejareja Majengo, Sabasaba na kwenye vituo vya mabasi ni fedha ya papo kwa papo kwa mkulima mdogo, na mnunuzi anayejua kupika zabibu atanunua ndoo mahali ambapo mwenzake ananunua kifungu cha kutafuna njiani. Atanunua pia zile zilizopukutika kwenye vikonyo vyake, ambazo mla zabibu mbichi huzikataa kwa sura yake ingawa ni nzima na tamu.

Kwa upande wa mlaji, zipo familia nyingi katika mji huu ambazo kwa imani yao hazigusi mvinyo, Waislamu na Wakristo wa madhehebu kadhaa, na ambazo kwa sababu hiyo zimezoea kuliona zao la zabibu kama jambo la watu wengine. Zabibu iliyotoka shambani asubuhi na kuingia sufuriani mchana haina kilevi chochote. Kobla inaweza kukaa kwenye meza ya futari na kwenye meza ya Krismasi, na sijui mazao mengine mangapi ya Dodoma yanayoweza kusema hivyo bila mtu kuuliza swali.

Sisemi kwamba kila mapishi ya kigeni yapewe zabibu kwa nguvu. Miezi ambayo zabibu hazipo, kobla itafuata yanayopatikana: maembe kuanzia Novemba, yakatwe yakiwa hayajalegea sana, zambarau zinapokuja, ingawa kokwa zake zinataka uvumilivu, na forosadi kwa waliojaliwa kuwa na mti uani, ambazo kwa sura na kwa rojo lake ndizo zinazokaribiana zaidi na blakberi. Papai siliwekei dhamana, kwani halina ukali na likipikwa hupoteza hata kile kidogo lilichokuwa nacho.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba mwandishi wa ukurasa wa mapishi aeleze matunda yanayopatikana nchini katika mwezi ule gazeti linapotoka, na kama mapishi yanataka tunda la nje, ataje tunda la hapa litakaloshika nafasi yake na mabadiliko ya sukari, maji na muda yanayotakiwa, kwa kuwa kutaja mbadala bila vipimo ni kumpa mtu nusu ya msaada. Maelekezo ya moto yatolewe kwa oveni, kwa mkaa na kwa gesi. Ingefaa pia maelekezo ya zabibu yatoke mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, kabla ya mavuno kushika kasi, ili yamkute msomaji na kisu mkononi. Tena vipimo viandikwe kwa gramu na mililita pamoja na vikombe, maana kikombe cha mapishi ya Marekani ni takriban mililita 240, na vikombe vya chai vya majumbani kwetu havilingani hata ndani ya kabati moja. Katika maelekezo yenu ya juzi, mpishi anayetumia kikombe kikubwa cha bati kupimia maziwa angepata uji mahali pa vinyunya, na lawama angeibeba yeye.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Makole, Dodoma.